Bakuli Kifuani mwa Varki

Je, umewahi kumwona mtu unayempenda amelala chali chini ya kisu cha baba yako, na haruhusiwi hata kukohoa?

Mimi nimemwona. Kisu chenyewe kilikuwa kidogo, makali yake hayazidi urefu wa kidole, cha kusawazishia kingo za rojo zinapoanza kukauka. Baba alikuwa na desturi ya kukinoa asubuhi ya siku ya mchezo, kwenye jiwe lililokuwa kando ya kisima, na tangu utotoni niliipenda sauti ile kwa kuwa ilimaanisha siku hiyo kuna ngoma na kuna ndizi za kukaanga. Asubuhi ile sikuipenda. Alinoa, akakijaribu kwenye ukucha wa dole gumba, akalimwagia jiwe maji, akanoa tena. Hakunitazama. Hakuuliza chai.

Baba yangu, Achuta Varier, alikuwa fundi wa nyuso. Katika Kathakali, mchezo wetu wa ngoma ambao wachezaji husimulia hadithi kwa ishara za mikono bila kusema, shujaa mwenye uso wa kijani hawi shujaa mpaka alazwe kwenye mkeka, na fundi akae kichwani kwake, amjengee ukingo mweupe kutoka sikio moja, upite kidevuni, ufike sikio la pili. Unajengwa kwa rojo la mchele na chokaa, tabaka juu ya tabaka, kwa njiti ya ukuti. Kazi hiyo inakula alasiri nzima. Anayejengewa hasemi, hacheki, hapigi chafya, maana akifungua mdomo tu rojo linapasuka na kila kitu kinaanza upya. Wachezaji wengi husinzia.

Mimi ndiye niliyekuwa nikisaga ule mchele. Mama alifariki nilipomaliza shule ya msingi, nami nikarithi jiwe lake la kusagia. Mchele unalowekwa, unasagwa mpaka usisikie hata chembe katikati ya vidole, unachujwa kwa kitambaa cha pamba, ndipo unatiwa chokaa. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe mwaka mzima. Wasichana wenzangu kijijini Karimpara walipaka hina, mimi nilipakwa na kazi.

Na Varki alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa familia ya Kikristo ya ng'ambo ya mto, baba yake mfanyabiashara wa mbao. Alianza kwa kuchungulia michezo kutoka nje ya ukuta wa hekalu, kwa sababu ndani hakuruhusiwa kukanyaga, na akachungulia hivyo mpaka Baba akamhurumia, akamwombea kwa mwalimu wa kucheza afundishwe. Kwa miaka mingi aliigiza wanawake, kwa kuwa alikuwa na shingo ndefu na macho makubwa yenye kope kama za ndama. Uso wa mwanamke haujengwi kwa rojo, unapakwa rangi laini tu na mchezaji anajipaka mwenyewe. Kwa hiyo Varki hakuwahi kulala chini ya mikono ya Baba. Siku ile ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nyumba kubwa ya kijiji ilikuwa imemwomba acheze shujaa, uwanjani kwao, mahali ambapo mtu wa dini yoyote anakanyaga. Angekuwa na uso wa kijani kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Kilichonitia hofu kilitokea siku iliyotangulia, na kilitokana na filamu.

Kiangazi cha mwaka uliopita alikuja kijijini kwetu mwongozaji mmoja wa filamu, mtu wa mjini mwenye ndevu na mfuko wa kitambaa begani. Filamu zake ni zile ambazo watu wanatazama maji kwa muda mrefu na hakuna anayeimba. Hadithi yake ilikuwa ya mchezaji anayeigiza wanawake, aliyempenda binti wa nyumba ambayo hakustahili hata kuiegemea ukuta. Alimchukua Varki awe huyo mchezaji, akamwajiri Baba kwa nyuso, nami nikawa mbeba beseni.

Siku moja, kwenye ngazi za bwawa la kuogea, mwongozaji akamwambia Varki kwamba leo hataki rangi wala ngoma wala wimbo. Aketi tu ngazini, kifua wazi, amwambie kwa mikono mwanamke aliye ng'ambo ya maji lolote alitakalo. Mwongozaji mwenyewe hakujua lugha ya mikono. Kwake ile mikono ilikuwa kitu kizuri cha kutazama, kama ndege wakiruka. Baba siku hiyo alikuwa na kazi hekaluni. Nyuma ya kamera nilikuwa nimesimama mimi na beseni langu.

Lazima niseme hapa kwamba nyumbani kwetu mabinti hawakufundishwa lugha hiyo. Niliidokoa. Nilikuwa nikisaga huku nikitazama mazoezi kupitia ufa wa mlango, na mwisho nikaijua kama ninavyojua kupika uji. Varki pekee ndiye aliyejua kuwa naijua. Aligundua asubuhi moja alipopita nyuma ya nyumba yetu kwenda mtoni, akanionyesha kwa vidole kwamba mchele wangu wa jana ulikuwa na mchanga. Nikamjibu kwa vidole kwamba mchanga uko machoni mwake. Alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Tangu siku hiyo alipita kila alfajiri, nami kila alfajiri nilikuwa na kitu cha kusuuza kisimani. Hatukuwahi kugusana hata ncha ya kidole. Lakini mtu akikutazama kwa macho yale kila kukicha, siku asipopita unahisi hata chai haina sukari.

Basi, kwenye zile ngazi, Varki aliinua macho yakaipita kamera, yakanifikia mimi, na mikono yake ikaanza. Ikasema: "Wewe ambaye vidole vyako ni vyeupe kwa mchele. Nasikia jiwe lako kabla ya jogoo. Iko siku nitakuja kwenye mlango wa nyuma wa nyumba ya baba yako, nitakuchukua." Hapo akatulia, kama mchezaji anavyotulia ili neno lizame, akainua uso. Kisha mikono ikashuka karibu na magoti, ikaendelea taratibu: "Lakini mpaka baba yako akutoe kwa mkono wake mwenyewe. Asipokutoa, nitabaki mwanamke wa jukwaani mpaka nizeeke."

Niliinamisha beseni, maji yote yakanimwagikia miguuni. Mwongozaji akasema safi sana, nendeni mkale.

Sasa ile filamu ilikuwa imekamilika, na siku moja kabla ya mchezo chama cha filamu cha mjini kiliileta. Walitundika kitambaa cheupe kwenye banda la shule na kijiji kizima kikajaa. Nilikaa kwa wanawake, kando ya Shangazi Parukutti, dada yake Baba, aliyekuwa na tambuu yake mdomoni na neno kwa kila picha.

"Huyu anatazama nini kwenye maji? Kadondosha pete?" aliniuliza. Baadaye akauliza lini wataanza kuimba. Aliishi mjini maisha yake yote mpaka alipofiwa na mume, kwa hiyo lugha ya mikono hakuijua. Alijua kitu kimoja tu, kwamba mimi ni mke wa mwanawe Murali, aliyekuwa akifanya kazi Dubai. Niliahidiwa kwake nikiwa bado nabebwa kiunoni, kama ilivyo desturi yetu ya kuoana watoto wa kaka na dada.

Ndipo zikaja zile ngazi. Mikono ya Varki kwenye kitambaa kile ilikuwa mikubwa kama milango. Ikataja vidole vyeupe. Ikataja jiwe. Ikataja mlango wa nyuma wa nyumba ya baba yako. Nitakuchukua, ikasema. Na hapo hapo kamera ikapanda. Ikaiacha mikono, ikaenda usoni, na macho yake yakajaa kitambaa kizima, mazuri, yanang'aa, na mwongozaji akatuachia tuyatazame na kuyatazama. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kidogo tu pembezoni. Mimi nilijua kwamba kule chini, nje ya picha, mikono bado inasema. Lakini ilikuwa ikijisemea peke yake.

Karimpara hata mgema anaisoma mikono. Wazee wa mstari wa mbele wakaanza kukohoa, mmoja baada ya mwingine. Mmoja akageuka kumtazama Baba. Kijijini kwetu, binti mwenye vidole vyeupe alikuwa mmoja.

"Kijana ana macho mazuri," Shangazi akaninong'oneza, "lakini mbona ananawa mikono bila maji?"

Baba alikaa mpaka mwisho. Akakunja kitambaa chake begani, akatangulia na tochi. Nilipokwisha kujilaza nikasikia kigoda kikiburuzwa mpaka mlango wa nyuma, na kikohozi chake hapo hapo mlangoni, mara kwa mara, mpaka kulipokucha. Nilifumba macho nikajiambia ananivizia. Na asubuhi, kisu.

Nilimwahi Varki kwenye nyumba kubwa, nilipopeleka mchele. Nilimkuta ua wa nyuma akichuma maua ya mtunguja, maana kijimbegu cha ua hilo ndicho wachezaji huweka chini ya kope ili macho yawe mekundu. Nilisema naye huku nikijifanya nahesabu vyungu. Nikamwambia amwambie Baba ana homa, arudi kwao ng'ambo ya mto, acheze siku nyingine.

"Ataniuliza homa imeanza lini," akasema. "Nitamjibu mwaka juzi."

"Varki, usicheke. Amenoa kisu asubuhi nzima."

Akaacha kucheka. Nikamuuliza kwa nini basi asimwambie Baba ile nusu iliyobaki, kabla hajalala mkekani. Akasema amejaribu tangu Baba alipofika hapa, lakini kila akifungua mdomo Baba anamwambia akaoge. Ameshaoga mpaka ngozi imekunjamana. Nami nilijua sababu. Baba akikasirika hapigi kelele. Anapunguza maneno, kama mtu anayepunguza utambi wa taa, mpaka mnabaki gizani.

"Nikikimbia leo," Varki akaniambia, na sauti yake ilikuwa chini sana, "ile nusu aliyoiona ndiyo itakuwa kweli. Nitalala, Vilasini. Akitaka kunichinja atanikuta nimelala tayari."

Alisema kwa mzaha, lakini maua yalikuwa yanamponyoka vidoleni.

Alasiri tukawa kwenye chumba cha kupambia, chumba kirefu cha upande wa magharibi, jua linaingia kwa mistari katikati ya mbao za dirisha. Taji lilikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa, limefunikwa kwa shuka. Varki alikuwa ameshajichorea mistari yake na kujipaka kijani usoni. Niliketi kwenye jiwe langu pembeni. Shangazi Parukutti alikuwa kizingitini, amenyoosha miguu, anakunja tambuu.

Varki akapiga magoti mbele ya Baba, akamgusa miguu kama ilivyo ada.

"Mwalimu," akasema, "kabla sijalala, naomba..."

"Lala. Rangi inakauka."

Akalala. Baba akaketi kichwani kwake, akamgeuza uso kwa vidole viwili, akapaka tabaka la kwanza chini ya sikio la kulia. Kuanzia hapo Varki hakuwa tena na mdomo.

Siku zote bakuli la rojo lilikaa sakafuni, kando ya goti la Baba. Siku ile Baba alilichukua, akalitua juu ya kifua cha Varki. Kisha akashika mikono yake, mmoja kisha wa pili, akaizungusha kwenye bakuli.

"Shikilia," akasema. "Likimwagika, hakuna mchezo."

Vidole vyangu vikasimama juu ya jiwe. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo, bakuli limewekwa mahali pa karibu. Lakini katika kazi yetu mtu aliyenyimwa mdomo bado ana mikono, na wachezaji waliolala huomba wapepewe, huuliza saa na hata hutaniana kwa mikono hiyo. Baba alikuwa amemnyima vyote.

Akajenga. Njiti inachota, inapaka, inanyoosha. Shangazi akawa anazungumza peke yake juu ya Murali, kwamba ameandika atarudi baada ya mvua, kwamba analeta redio ya kaseti na vitambaa vya kung'aa, na kwamba huko wanakula ngano tu, maskini, hata uji wa mchele haupati. Kila alipotaja jina la Murali, kifua cha Varki kilipanda na bakuli likapanda nalo. Rojo lilikuwa likifika ukingoni mwa bakuli, linasita, linarudi.

"Parukutti," Baba akasema bila kuinua kichwa, "nenda kaangalie kama wameijaza ile taa ya jukwaani mafuta."

"Taa? Kaka, jua hili hapa bado linaniunguza nyayo."

"Nenda."

Akaondoka akinung'unika kwamba katika nyumba hii yeye ni mtu wa kutumwa. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umekwisha, mweupe, mzuri, umesimama kama ukingo wa mwezi. Upande wa kushoto bado ulikuwa wa mtu wa kawaida. Baba akaweka njiti chini, akachukua kisu, akaanza kusawazisha pale chini ya taya, mahali ambapo unaona mshipa ukicheza.

"Jana nimeiona filamu yako," akasema.

Bakuli likatikisika.

Aliongea taratibu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kuniambia niongeze chokaa. Alisema wazee wenzake nao wameiona, na asubuhi hii wawili kati yao wamepita nje ya ua bila kusalimia. Akamkumbusha Varki alivyokuwa akichungulia ukutani na nzi wakimkaa magotini. Akamkumbusha ni nani aliyesema mtoto huyu afundishwe, na ni nani aliyehamisha mkeka wake wa kazi nje ya ukuta ili na yeye apate kuona nyuso zinavyojengwa. Akamkumbusha uji aliokunywa nyumbani kwetu. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Na kisu kilikuwa kikitembea wakati wote, kinakwangua, kinadondosha vumbi jeupe shingoni.

"Nilikupa mlango wa mbele, Varki," akasema mwisho. "Kwa nini ukautaja wa nyuma?"

Nilimwona Varki akivuta pumzi kwa pua, ndefu, na kuizuia. Chozi likatoka kwenye pembe ya jicho, likaanza kuteremka kuelekea sikioni, kuelekea kwenye rojo. Baba akachukua pamba, akalifuta kabla halijafika.

"Usilie. Machozi yanalegeza rojo."

Nje ngoma zikaanza kulia, zile za kutangaza kijiji kizima kwamba leo kuna mchezo, watu wapate chakula mapema, waje. Nikasikia watoto wakikimbia uani. Baba akainua kisu, akautazama uso ule, nusu shujaa na nusu mtu.

"Nimekaa hapa najiuliza," akasema. "Nimalize upande wa pili, au nikuache nusu, watu waone?"

Nilikuwa na maneno kooni. Nilikuwa nayo tangu jana, tangu kamera ilipopanda. Nilijua sentensi ilivyoisha, na chini ya jua hili hakuna aliyeisoma isipokuwa mimi na aliyeisema. Lakini kuisema ilikuwa ni kusema kwamba nilikuwa pale, kwamba mikono ile ilikuwa ikisema na mimi, kwamba lugha hii niliidokoa ufani, kwamba kila alfajiri sikuwa nasuuza kitu. Nilifikiri nikifungua mdomo kitakachotoka ni kulia tu, na Baba hapendi kelele kwenye chumba cha kupambia.

Nikasimama. Nikavuka mkeka, nikapiga magoti, nikaweka mikono yangu juu ya bakuli, na kwa hivyo juu ya vidole vya Varki, ambavyo sikuwahi kuvigusa. Vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni. Nikalichukua bakuli.

"Nani amekuita?" Baba akauliza.

Nilirudi nyuma hatua moja, nikalikumbatia bakuli kifuani mwangu.

Mikono ya Varki ilibaki hewani, imejikunja bado kama imeshika kitu. Uso haukutikisika hata kope. Kisha vidole vikafunguka. Vikaanza pale pale picha ilipovikata. Nitakuchukua, vikasema. Halafu vikashuka, kama vilivyoshuka siku ile ngazini, vikasema lakini. Vikasema baba, kwa heshima yote, ile ishara ambayo wachezaji huiinua mpaka usawa wa paji la uso hata wakiwa wamelala. Vikasema mkono wake mwenyewe. Vikasema kutoa, kiganja kimefunguka juu, kinateremka juu ya kiganja kingine, kama maji yanavyomiminwa siku binti anapotolewa. Asipotoa, vikasema, nitabaki mwanamke wa jukwaani mpaka nizeeke.

Baba alikuwa bado ameshika kisu. Macho yake yaliifuata ile mikono kama yanavyomfuata mchezaji mkubwa.

Kisha Varki akataka kusema jambo ambalo katika lugha ya mikono ya wazee wetu halina ishara, kwa maana wazee hawakuijua kamera. Akasita. Akatengeneza kisanduku kwa vidole, akakiweka mbele ya kifua chake, halafu akakipandisha, akakipandisha, mpaka mbele ya macho. Na chini ya kisanduku kile, kwa vidole vya mkono wa pili, akaonyesha mtu anayeendelea kusema bila kusikilizwa.

Baba akaweka kisu juu ya mkeka.

Nilimwona akijifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Jana nimekaa mlangoni," akasema. Hakuwa akisema na Varki. "Nilikuwa naogopa kusinzia. Nilidhani nikisinzia nitaamka nyumba haina mtu."

Kumbe hakuwa akinivizia. Usiku kucha mimi nilikuwa nimemwogopa yeye, naye upande wa pili wa ukuta alikuwa ameniogopa mimi.

Akanyoosha mkono kuomba bakuli, nikampa. Akachota rojo, akalipaka kwenye shavu la kushoto la Varki, tabaka la kwanza, kisha la pili. Huku akipaka akanieleza mambo yanayonisubiri, kama mtu anayesoma bei za sokoni. Yeye hawatamwita tena hekaluni kupamba ndani ya ukuta. Watu wa Varki nao hawatapiga makofi, padri wao ana mdomo. Ahadi ya Murali itavunjika, na Shangazi Parukutti atalia kwenye kila kizingiti cha kijiji hiki mpaka machozi yamwishie, kisha aanze kusema. Hakuniambia niogope. Alitaka tu nijue.

"Mikono yake nimeisikia," akasema. "Ni mikono ya mchezaji, kusema maneno matamu ndiyo kazi yake. Wewe si mchezaji. Wewe nimeishi nawe nyumba moja, unanipa rojo, unanipa chai, na tangu mama yako afariki sijakusikia ukisema unataka nini. Hata viatu nakununulia kwa kukisia."

Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mchezaji yeyote, bila mbegu ya mtunguja.

"Sema sasa. Kwa mdomo, siyo kwa vidole."

Mlangoni kivuli kikasimama. Shangazi alikuwa amerudi, chupa ya mafuta mkononi, tambuu imemtulia shavuni. Alikuwa amesikia, sijui kuanzia wapi. Alimtazama kaka yake, akanitazama mimi, akalitazama bakuli. Mkekani Varki hakuweza hata kugeuza kichwa anione. Alinyoosha mkono wake mmoja tu sakafuni, kiganja juu, kitupu, ukakaa hapo.

Nilikuwa naogopa. Sitakudanganya. Niliogopa mdomo wa Shangazi, niliogopa ukuta wa hekalu na wazee wasiosalimia, niliogopa kwamba ile sauti ikitoka haitarudi tena.

"Namtaka Varki, Baba," nikasema. "Simtaki Murali. Na mlango wa nyuma siutaki. Nataka unitoe wewe, mlango wa mbele, kwa mkono wako huo, hivyo hivyo ulivyo na chokaa."